Shajara ya warsha za walimu, Tandahimba: Januari hadi Julai 2025

Jumamosi, 25 Januari

Leo tumefanya warsha ya kwanza ya mradi wetu wa mafunzo kwa walimu wa shule sita za msingi za kata yetu, wilayani Tandahimba, mkoa wa Mtwara, katika kituo cha walimu ambacho siku nyingine hutumika kama stoo ya vitabu. Walifika walimu 27, wengine kwa bodaboda na wengine kwa miguu kutoka vijiji vya bondeni. Lengo la mradi ni kuwasaidia walimu wa darasa la kwanza hadi la nne kufundisha kwa namna inayomfanya mtoto afikiri akiwa darasani. Tumeuweka ndani ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wote wanaufahamu kwa jina la MEWAKA na ambao unataka walimu wakutane shuleni kwao mara kwa mara wajadiliane kuhusu ufundishaji, badala ya kungoja kuitwa semina mjini baada ya miaka kadhaa.

Nimeanza vibaya, na ni lazima niandike hivyo. Nilizungumza kwa saa tatu na nusu juu ya ufundishaji shirikishi, nikaeleza umuhimu wa kazi za vikundi, maswali ya wazi na tathmini endelevu, huku walimu wenzangu wakiandika kwa bidii katika madaftari yao. Nilipouliza kama kuna swali, ukumbi ulikaa kimya mpaka mwalimu mmoja wa darasa la pili, mama mtu mzima ambaye amefundisha tangu kabla sijamaliza shule, akasimama na kusema: "Mwalimu, darasa langu lina watoto 92 na madawati 21. Haya uliyosema ni mazuri. Njoo unionyeshe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba kitu anachokihitaji kweli, na sikuwa na jibu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetumia wiki mbili kuupanga mradi upya. Nimerudi kwenye jambo ambalo wataalamu wawili wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walilieleza tangu mwaka 1980: kwamba mwalimu akielezwa nadharia peke yake, hata akaielewa vizuri, ni vigumu mbinu hiyo kuingia katika kazi yake ya kila siku, anahitaji pia kuiona ikifanyika, kuijaribu mwenyewe, kupewa mrejesho, na kuwa na mtu wa kumsindikiza anapoitumia katika darasa lake halisi. Warsha yangu ya Januari ilikuwa na nadharia tu. Semina nyingi nilizohudhuria mimi mwenyewe kama mwalimu zilikuwa hivyo hivyo, na moduli zake bado zimo kabatini katika shule nyingi za wilaya, zikiwa safi, kurasa hazijafunguliwa.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kuanzia sasa kila warsha itaanzia darasani. Mwalimu mmoja atafundisha kipindi cha kawaida na wanafunzi wake, wenzake wanne au watano watakaa nyuma na kuangalia, kisha tutakaa chini ya mwembe kwa saa moja kuzungumzia tulichokiona. Wajapani wamekuwa wakifanya kazi ya namna hii shuleni kwao kwa zaidi ya karne moja, na hawahitaji projekta wala hoteli.

Suala la posho liliibuka, na sioni sababu ya kulificha. Walimu kadhaa waliuliza kama kutakuwa na chochote. Sikubaliani na wanaosema kwamba walimu wetu wanapenda posho kuliko kazi. Mwalimu anayetoka kijiji cha mbali hulipa bodaboda kwa fedha yake, na Jumamosi ndiyo siku yake ya palizi shambani. Tumeamua kutoa nauli halisi na chai yenye vitafunwa, na kuhamisha kazi kutoka Jumamosi kwenda siku za kazi, baada ya vipindi vya asubuhi. Walimu wakuu wanne wamekubali bila masharti. Wawili wamesema watafikiria.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda kwa yule mwalimu wa darasa la pili, kama nilivyoombwa. Sikwenda kumwonyesha kitu. Nilimwomba kwanza nikae nyuma niangalie, naye akakubali. Nilikaa juu ya tofali karibu na dirisha, na watoto watano wakasogea kunipa nafasi.

Somo lilikuwa la kusoma, na mwalimu anapendwa na watoto wake. Hilo lilionekana tangu alipoingia. Nilichofanya ni kuhesabu. Katika kipindi cha dakika 30 aliuliza maswali 41. Mengi yalikuwa ya namna tunayoifahamu sote, ambapo mwalimu huanza neno na watoto hulimalizia: "Mizizi hufyonza ma…?" na darasa zima, "…ji!" "Sungura ni mnya…?" "…ma!" Baada ya kila sehemu aliuliza, "Tumeelewana?" na sauti 80 na zaidi zikajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Msichana mmoja aliyekaa mbele yangu alijibu "ndiyo" kila mara kwa sauti kubwa, na daftari lake lilikuwa limegeuzwa juu chini.

Simlaumu mwalimu huyu hata kidogo. Kuitikia kwa pamoja ndiyo njia iliyobaki kwa mtu mwenye watoto 92, maana humwezesha kuwa na darasa moja badala ya vurugu. Mimi nilifundisha hivyo hivyo kwa miaka kumi na moja. Lakini jibu linalotolewa na wote halimwambii mwalimu ni nani ameelewa, na mtoto ambaye hakuelewa hujifunza mapema sana kwamba kelele inatosha.

Tulipotoka tulizungumza chini ya mwembe. Nilimweleza kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alirekodi vipindi vya sayansi katika shule za msingi na kugundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe, kumtaja mtoto mwingine au kubadilisha swali. Pale walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalikuwa marefu zaidi, watoto wengi zaidi walijitokeza kujibu, na "sijui" zikapungua. Rowe alionyesha pia kwamba kuna kusubiri kwa aina mbili: baada ya swali la mwalimu, na baada ya jibu la mtoto, kabla mwalimu hajasema "vizuri" au "hapana".

Mwalimu alisikiliza, akafikiri kidogo, kisha akaniuliza: "Sekunde tatu? Hizo mbona ni chache?" Nikamwambia ajaribu kesho na ahesabu kimoyomoyo. (Naongeza hapa baadaye.) Jioni ya siku iliyofuata alinipigia simu na kusema kwamba ni ndefu kuliko alivyodhani, na kwamba darasa lake liliposhtuka na kunyamaza, yeye ndiye aliyeogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Ramadhani. Tumepunguza shughuli, na sehemu kubwa ya walimu na wanafunzi wamefunga. Vikao vya mjadala tumevifanya saa nne asubuhi na kuvifupisha kuwa dakika 30. Shule mbili tu zimefanya uangalizi wa darasa mwezi huu. Mvua imeharibu njia ya shule ya tano, na bodaboda haziingii.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeona jambo ambalo ningependa kila mtu anayepanga mafunzo ya walimu alione.

Kipindi kilikuwa cha Hisabati, darasa la pili, shule ya tatu. Aliyefundisha ni kijana aliyeajiriwa mwaka juzi, mchangamfu na mwenye andalio la somo lililoandikwa vizuri. Mada ilikuwa kutoa kwa kukopa. Aliandika ubaoni 52 − 27, akauliza nani anaweza kuja kufanya, na akasubiri. Nilimwona midomo ikitembea kidogo, alikuwa akihesabu. Mikono mitatu ilikuwa juu. Alipofika kwenye tano mikono ikawa kumi na mbili, na akamchagua mvulana mmoja mwembamba wa mstari wa nyuma ambaye, aliniambia baadaye, hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari.

Mtoto akaandika 35.

Miezi miwili iliyopita mwalimu angesema "hapana, nani mwingine?" na tungeendelea. Safari hii alinyamaza tena, kisha akamuuliza, "Hebu tueleze ulivyofanya." Mtoto akasema kwa sauti ndogo: "Mbili haitoshi kutoa saba, ndiyo nikageuza, nikatoa mbili kwenye saba." Mle darasani tulikuwa walimu watano, na sote tukatazamana. Kosa lile lilikuwa na akili ndani yake. Mtoto ameona tatizo, amelijua, na akatafuta njia ya kulikwepa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha nyingine inayoeleweka. Alama ya mkasi kwenye daftari isingetuambia hayo kamwe.

Mwalimu hakuwa amejiandaa kwa jambo hili, na nilihofia atamkatisha. Badala yake alikwenda kwenye kona alikohifadhi zana zake: vifuu vya nazi alivyoviomba kwa mama lishe wa barabarani, na gunia dogo la korosho zilizobaki za msimu uliopita. (Watoto walikuwa wameonywa wasizing'ate, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho mbichi hubabua midomo, kwa watoto wa Tandahimba onyo hilo halihitaji maelezo marefu.) Akapanga vifuu vitano, kila kimoja kikiwa na korosho kumi, na pembeni korosho mbili zilizo peke yake. Akamwambia yule mtoto: "Hizi ni 52. Nataka 27. Nipe."

Mtoto alimpa vifuu viwili bila wasiwasi. Kisha akatazama zile korosho mbili. Alizitazama kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyesema neno. Mwishowe akachukua kifuu kimoja, akakimwaga mezani, akahesabu korosho saba kutoka kwenye lundo, akampa mwalimu. Zilizobaki zilikuwa vifuu viwili na korosho tano. Darasa zima likapiga makofi kabla mwalimu hajaomba.

Katika mjadala tulitumia nusu saa nzima kuzungumzia neno "kukopa". Mwalimu mmoja wa kiume alisema kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwaambia watoto "unakopa moja kwa jirani", na siku moja mtoto alimuuliza ile moja italipwa lini. Tulicheka, lakini swali la mtoto ni la haki. Mkopo hulipwa, na hapa hakuna kinacholipwa. Kumi moja inafunguliwa tu ihesabike moja moja. Shule hiyo imeamua kwamba darasa la pili watasema "kufungua kifuu" mpaka dhana ikomae, ndipo neno la kitabu liingizwe. Nimeona kwamba hakuna mwezeshaji wa mjini angeweza kuwaletea neno hilo. Limetoka kwa walimu wenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Wiki ngumu. Mikorosho inaandaliwa kwa kupulizia salfa, na wavulana wakubwa wa darasa la tano hadi la saba wameanza kukosekana. Walimu wa madarasa ya chini wako salama kidogo, lakini wengi wana mashamba yao na wamechoka.

Kuna jambo lililonikera na nitaliandika kwa ufupi. Katika shule moja, walimu walipokuwa wakijadili kipindi walichokiangalia, alifika kiongozi mmoja kutoka ngazi ya juu na akaomba kuona mafaili ya maandalio ya masomo. Hayakuwa yamekamilika kwa wiki hiyo. Mjadala ulivunjwa, na mwalimu aliyekuwa amefundisha kipindi kizuri kuliko vyote tulivyoviona mwezi ule akapewa onyo la maandishi. Andalio la somo lina thamani yake, na sitaki mtu afikiri kwamba nalidharau. Lakini ukimkuta mwalimu anafikiri kwa sauti mbele ya wenzake kuhusu kosa la mtoto, kaa chini umsikilize kwanza. Nimemweleza Afisa Elimu Kata, ambaye amekuwa msaada mkubwa kwetu, na ameahidi kulizungumza mahali panapostahili.

Kuhusu lugha: katika shule mbili za bondeni tumeona kwamba mwalimu akisubiri, baadhi ya watoto wa darasa la kwanza hujibu kwa Kimakonde. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, na baadhi ya walimu walidhani wanapaswa kumkemea mtoto. Tumejadiliana na tumekubaliana kwamba mwalimu apokee wazo, alirudie kwa Kiswahili kilicho wazi, kisha amwombe mtoto alirudie naye. Mwalimu asiyejua Kimakonde, na wapo kadhaa waliotoka mikoa ya mbali, amwombe mtoto mwingine atafsiri. Mwalimu mmoja kutoka Kanda ya Ziwa amesema kwamba kwa njia hiyo amejifunza lugha ya watoto wake kuliko kwa miaka miwili aliyokaa hapa.

Jumamosi, 24 Mei

Tumeanza kutumia vishikwambi. Walimu wengi wanavyo, vile vilivyogawiwa shuleni baada ya kutumika katika Sensa ya 2022, na katika shule kadhaa vimekuwa vikikaa ofisini. Mwalimu anarekodi dakika kumi za kipindi chake kwa sauti tu, kisha anasikiliza mwenyewe nyumbani kabla ya kuja kwenye mjadala. Tumesisitiza sauti tu, bila picha za watoto, na rekodi hufutwa baada ya mjadala.

Matokeo yake yamekuwa mazito kuliko nilivyotarajia. Mwalimu mmoja alinijia akiwa mnyonge na kuniambia kwamba katika dakika kumi hakusikia sauti ya mtoto mmoja peke yake hata mara moja. "Nilikuwa nadhani ninawashirikisha," alisema. Tulikaa naye mpaka jua lilipozama tukipanga maswali matatu, matatu tu, ya kipindi chake cha Jumatatu, na kwa kila swali tukaandika majina ya watoto wawili ambao angewataja baada ya kusubiri. Nimeona kwamba kuandaa maswali machache mapema kunamsaidia mwalimu kuliko kumwambia kwa jumla kwamba "uliza maswali mazuri".

Sikiliza pia upande wa pili. Walimu watatu wamesema kwamba darasa la watoto 90 likinyamaza kwa sekunde tatu, watoto wa nyuma huanza kuchezea vitu na kupigana mateke. Ni kweli, nimeona. Tumejaribu kumwambia kila mtoto amnong'oneze jirani jibu lake kabla mwalimu hajataja jina, na imefanya kazi katika madarasa mengi, ingawa katika darasa moja kelele zilimshinda mwalimu na akarudi kwenye kuitikia kwa pamoja. Sijamlazimisha aendelee. Atajaribu tena kwa nusu ya darasa, nusu nyingine ikiwa inaandika.

Jumatano, 16 Julai

Shule zimefunguliwa baada ya likizo. Baadhi ya wavulana bado hawajarudi kutoka jandoni, na madarasa yana nafasi.

Nimewatembelea walimu 19 kati ya wale 27 wa Januari. Walimu wanne wamehamishwa vituo, na hili ni pigo la kawaida kwa mradi wa namna hii. Mmoja wao amenitumia ujumbe kwamba ameanza mjadala wa chini ya mti katika shule yake mpya, akiwa na wenzake wawili. Wanne wengine hawakupatikana.

Kati ya 19, nimekaa nyuma ya madarasa 15. Ninaandika nilichokiona kwa uangalifu, kwa sababu mtu akiwa na mradi wake hupenda kuona mema. "Tumeelewana?" bado ipo katika kila darasa, ila katika madarasa tisa imepungua sana na mahali pake mwalimu anamtaja mtoto aeleze. Kusubiri baada ya swali kumekuwa mazoea kwa walimu wengi. Kusubiri baada ya jibu, ambako nadhani ndiko kwenye faida kubwa, nimekuona kwa walimu watano tu. Wengine wote husema "vizuri sana" mara tu jibu sahihi linapotoka, na mlango wa kufikiri hufungwa hapo hapo. Kumalizia maneno kumepungua katika Hisabati, lakini katika Kusoma hakujapungua, na sijui tufanye nini nako kwa sasa kwa sababu walimu wanaamini, na pengine wana haki kwa watoto wa darasa la kwanza, kwamba kuitikia pamoja kunamsaidia mtoto kutamka.

Nilipita pia kwa mzee mmoja mstaafu anayekaa jirani na shule ya pili, ambaye alianza kazi katika miaka ya 1970 wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, akijifunza ualimu huku akifundisha. Nilimpa shikamoo, tukazungumza kuhusu mradi. Alinieleza kwamba wakati huo walisikiliza masomo kwa redio, wakasoma vitabu vya posta, na asubuhi yake walisimama mbele ya watoto. "Kilichotufundisha," alisema, "ni yule mratibu aliyekuwa anakaa nyuma." Nimemwomba aje kwenye mjadala wetu wa Agosti, naye amekubali.

Jumatano, 30 Julai

Warsha ya leo ilikuwa fupi na ya mipango. Mambo mawili yameamuliwa.

Kwanza, shule mbili ambazo walimu wakuu wake walisema Februari kwamba watafikiria, sasa zimeomba kujiunga na ratiba ya kuangaliana. Mwalimu mkuu mmoja ameomba aanze yeye mwenyewe kufundisha huku walimu wake wakimwangalia, na mimi nimemkubalia kwa furaha, kwa kuwa mwalimu mkuu akikaa mbele ya ubao na kukosea hadharani, walimu wake hawataogopa kufanya hivyo.

Pili, yule mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 92, aliyeniambia Januari nije nimwonyeshe, ameomba kufundisha kipindi cha wazi Jumatano ya tarehe 13 Agosti, mbele ya walimu wa shule zote sita. Atafundisha kugawanya kwa mafungu sawa. Ameomba vifuu 30 na nimeshavipata. Korosho anazo mwenyewe. Amenipa pia karatasi yenye maswali yake matatu na majina sita, na chini ya jina la mwisho, ambalo ni la yule msichana aliyekuwa amegeuza daftari, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nitamsubiri hata sekunde kumi."